Kibali cha Shughuli Bustanini Hakimpi Mwandaaji Mamlaka ya Kufunga Lango

Malalamiko kuhusu matumizi ya bustani za umma yameongezeka, na mengi yanafanana. Mkazi anafika katika bustani ya mtaa wake siku ya mapumziko, anakuta lango limefungwa nusu na vijana waliovaa fulana za ulinzi wamesimama mbele yake, kisha anaulizwa kama ana kadi ya mwaliko. Waandaaji wa shughuli za kijamii nao wanalalamika kwamba wamefuata taratibu zote na kulipia kila kinachotakiwa, lakini bado wapita njia wanakatiza karibu na viti vyao. Sisi tunaoshughulikia vibali hivi tunaamini kwamba pande zote mbili zina nia njema, ila kuna mambo ambayo hayajaeleweka na yanahitaji kufafanuliwa.

Kibali ni ruhusa ya kutumia eneo lililotajwa, kwa saa zilizotajwa na kwa shughuli iliyotajwa. Hakihamishi umiliki wala hakimfanyi mwandaaji kuwa mpangaji wa bustani. Ada inayotozwa hugharimia usafi, ukaguzi na uangalizi. Haiwezi kuchukuliwa kuwa kodi ya pango, na kauli ya kwamba “tumelipia, kwa hiyo leo ni petu” haina msingi wowote. Kuzungushia uzio sehemu ya bustani kunaruhusiwa pale tu uzio huo ulipooneshwa kwenye mchoro ulioidhinishwa, na hata hapo njia kuu, vyoo, bomba la maji na eneo la kuchezea watoto hubaki wazi kwa kila mtu, isipokuwa kibali chenyewe kiseme vinginevyo kwa maandishi.

Wapo pia wakazi wanaosema kwamba kwa kuwa ni walipa kodi hawahitaji kibali cha aina yoyote, na wengine wanaodai kwamba bustani ni ya mtaa wao, hivyo watu wa mtaa mwingine wasiingie. Hoja zote mbili si sahihi. Familia inayotandika mkeka chini ya mti haihitaji kibali, hata ikiwa na jamaa wengi. Kinachobadilisha mambo ni vile vinavyoletwa bustanini: jukwaa, mahema, vipaza sauti, jenereta, meza za biashara, magari au uzio. Na kuhusu nani aingie, shabaha ya 7 ya Lengo la 11 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inataka ifikapo mwaka 2030 watu wote wafikie maeneo ya kijani ya umma yaliyo salama na jumuishi, hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Shabaha hiyo haimtengi mtu kwa sababu ya mtaa anakotoka.

Tatizo kubwa tunalokutana nalo katika maombi ni kuchelewa. Ombi linaloletwa siku chache kabla ya shughuli haliwezi kushughulikiwa ipasavyo, kwa sababu haliamuliwi na ofisi moja. Fomu husomwa kwanza na msimamizi wa bustani, ambaye huangalia kama eneo liko huru na kama nyasi zimepumzishwa vya kutosha tangu shughuli iliyopita. Kisha nakala hupelekwa polisi, zimamoto na idara ya afya, na kila mmoja hutoa masharti yake kwa maandishi. Baada ya hapo ndipo ukaguzi wa pamoja hufanyika bustanini, mwombaji akiwapo yeye mwenyewe na mchoro wake, si dalali wala fundi wa muziki. Katika ukaguzi huo hali ya bustani hupigwa picha: lango, madawati, taa, mabomba, nyasi na mashina ya miti. Picha hizo hutiwa saini na pande zote mbili, dhamana hulipwa, na kibali hutolewa. Shughuli ikiisha, mkaguzi hurudi na picha zilezile na kulinganisha. Mwandaaji asiyehudhuria ukaguzi wa mwisho hupoteza nafasi ya kupinga makato, na wengi hulalamika kwa sababu hii pekee.

Waombaji wengi huona masharti kuhusu miti kama usumbufu, ilhali yana sababu za wazi kabisa. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti, hasa ile inayofyonza maji na virutubisho, iko karibu na uso wa ardhi, na husambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Lori la vifaa likipita hapo wakati udongo umelowa, udongo hushindiliwa, vinafasi vya hewa hufungika, maji hushindwa kupenya na mizizi hukosa oksijeni. Mti haufi siku hiyo. Huanza kukauka ncha za matawi baada ya msimu mmoja au zaidi, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena lori lile. Ndiyo maana vigingi vya mahema havipigiliwi karibu na shina, na badala yake tunaelekeza mahema yafungwe kwa mizigo mizito, na lori lishushe vifaa kwenye barabara ya lami, vibebwe kwa mikono kutoka hapo.

Kuhusu sauti, kuzima muziki si lazima. Mara nyingi kuelekeza spika kwingine kunatosha. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali kutoka chanzo unapoongezeka maradufu, kwa hiyo spika nyingi ndogo zilizo karibu na wasikilizaji husumbua majirani kidogo kuliko mbili kubwa zilizosukumwa hadi mwisho. Kwa usalama wa masikio ya wahudhuriaji wenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 katika kumbi na matamasha.

Njia ya dharura haina mjadala. Gari la zimamoto na la wagonjwa lazima liweze kuingia na kufika mbele ya jukwaa, na njia hiyo haigeuzwi kuwa maegesho ya wageni waalikwa, hata kwa dakika chache. Vivyo hivyo, mteremko wa viti vya magurudumu usizibwe kwa nyaya za jenereta, jambo tunalolikuta karibu kila tunapokagua: nyaya zimepitishwa hapo kwa sababu hakuna ngazi, na mwenye kiti cha magurudumu anabaki nje. Mbele ya jukwaa, msongamano ukifikia watu 5 kwa mita moja ya mraba, mtu huanza kupoteza uwezo wa kuamua aelekee wapi, na mwandaaji anapaswa kusimamisha shughuli kabla ya kufika hapo.

Mwandaaji anayekiuka masharti hupewa kwanza onyo la maandishi papo hapo na kutakiwa kurekebisha. Asiporekebisha, kibali hufutwa na shughuli husimamishwa, hata kama wageni wameshafika. Gharama za uharibifu hukatwa kwenye dhamana, na zikizidi dhamana hudaiwa kwa njia ya kawaida ya madeni. Anayerudia anaweza kunyimwa vibali vya baadaye au kufikishwa mahakamani kwa mujibu wa sheria ndogo za mji husika. Jina linaloandikwa kwenye fomu ndilo linalowajibika. Kusema kwamba kijana wa ulinzi alifunga lango bila kuagizwa hakumwondolei mwandaaji wajibu.

Kwa upande wetu, masharti haya hayapaswi kuwa kisingizio. Mwaka 2004 mamlaka za New York zilikataa maombi ya mkutano mkubwa wa kupinga vita kwenye uwanda wa nyasi wa Central Park kwa hoja ya kulinda nyasi, na shauri lililofuata lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Tangu awali swali lilikuwa kama kigezo hicho kilitumika sawasawa kwa wote. Kila mwombaji anayekataliwa anastahili sababu kwa maandishi na maelezo ya mahali pa kukata rufaa, na asipopewa adai. Bustani nayo inahitaji watu wa kuitetea: mwaka 1989 Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na mpango huo uliachwa.

Mkazi aliyezuiwa kuingia asigombane na walinzi langoni. Kwanza aombe kuoneshwa kibali, ambacho mwandaaji anatakiwa kuwa nacho eneo la shughuli, kisha aandike saa, lango alilozuiliwa na namba ya kibali, na apige picha ya uzio ikiwa ni salama kufanya hivyo. Taarifa ifikishwe kwa msimamizi wa bustani siku hiyohiyo, wakati uzio bado upo na mkaguzi anaweza kuulinganisha na mchoro.