Herufi C ina sauti gani?

Msomaji wa Kiswahili anayekutana kwa mara ya kwanza na jina la wilaya ya Apac, kaskazini mwa Uganda, hulisoma "Apak", kwa kuwa Kiswahili sanifu hakitumii c pasipo h. Wenyeji, ambao ni Walango, husema "Apach". Kwa miaka niliyoshughulikia tahajia za lugha zetu, nimeshikilia kwamba c haina sauti yake ya kuzaliwa nayo, na kwamba kabla ya kuitamka ni lazima tujue neno limeandikwa kwa lugha gani.

Waacholi huandika cak kwa maana ya maziwa, ilhali jamaa zao Wajaluo wa Kenya huandika chak. Neno ni lile lile. Kwangu mimi tahajia ya Kiacholi ni bora, kwa sababu sauti moja imepewa herufi moja. Luganda nayo huandika caayi na ccupa kwa c, lakini jina la mahali Kyambogo huandikwa kwa ky, ingawa sikio la mgeni husikia kitu kilicho karibu na "Chambogo": k imevutwa mbele kuelekea kaakaa na y inayoifuata.

Mvuto wa namna hiyo ndio ulioigawa c huko Ulaya. Warumi waliipokea kwa Waetruski, watu wa Italia ya kale, ambao waliitoa katika gama, yaani g ya Kigiriki, na hawakutofautisha g na k. Ndiyo maana jina Gaius lilifupishwa kwa C hata baada ya G kubuniwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Katika Kilatini cha kale c ilikuwa k popote, na Cicero aliitwa "Kikero". Baadaye, ilipotangulia e na i, ililainika: Waitalia wakaifanya ch, Wafaransa s, na Kiingereza kikafuata Kifaransa katika maneno mengi.

Waliochagua alfabeti ya Kilatini baadaye hawakufungwa na historia hiyo. Uturuki, mwaka 1928, iliifanya j. Indonesia na Malaysia zilikubaliana mwaka 1972 kuitumia kwa ch. Kwa Wapolandi ni ts, Fiji ni dh, na kwa Wazulu ni kidoko cha ulimi nyuma ya meno ya mbele. (Matumizi yake kama alama, yaani 100 ya Kirumi, kaboni au Selsiasi, ni suala jingine.)

Wasomali, walioanza rasmi kuandika kwa Kilatini mwaka 1972, waliipa c sauti ya ain, herufi ya Kiarabu inayotamkwa kooni, na kwa hiyo Cabdi ni Abdi na Cumar ni Umar. Kampala ina Wasomali wengi, hasa Kisenyi, na mwalimu anayeita "Kabdi" darasani humwita mtoto kwa jina lisilo lake. Katika rejista jina hilo libaki na c yake kama lilivyo kwenye hati za mtoto. Kinachopaswa kubadilika ni usomaji wa mwalimu.