“Kwani Wazungu Wenu Hawatumi Mabati?” Wanayodhani Watu Kuhusu Kanisa la Kibaptisti Kijijini

Upepo wa mwezi wa tatu uling'oa mabati ya upande mmoja wa kanisa letu. Tangu hapo tunabanana upande wa pili, na jua likipanda wazee wanasogeza viti vyao vya plastiki kidogo kidogo mpaka ibada inaisha wakiwa karibu na mimbari. Juzi nikiwa stejini nangoja matatu, jirani yangu, mshiriki wa Kanisa la Marafiki (Quakers) tangu azaliwe, akaniuliza: “Kwani wazungu wenu hawatumi mabati?”

Nilicheka, ila swali lilinifuata hadi nyumbani. Mimi ni katibu wa kanisa hili dogo, si mbali na mto Yala, magharibi mwa Kenya, na dhana nyingi ninazosikia kutuhusu zina shina moja. Watu wanaamini kuna mkubwa fulani juu yetu: askofu, mzungu, au ofisi ya Nairobi inayokata maneno. Hakuna.

“Wabaptisti wanalipiwa na Marekani”

Dhana hii ina pa kuanzia. Wamishonari wa Muungano wa Wabaptisti wa Kusini, kutoka Marekani, walianza kazi Kenya mwaka 1956. Ukituweka kando ya jirani zetu, sisi ni wa juzi tu. Marafiki walifika Kaimosi 1902, Waanglikana wakawa Maseno 1906, na Waadventista wakatua Gendia mwaka uo huo. Tulipofika sisi, kila kilima kilikuwa na kengele yake.

Wamishonari walisaidia, nani atakataa? Lakini posho ya mchungaji wetu haitoki ng'ambo. Inatoka kwenye kikapu. Ibada ikiisha, mweka hazina na mashemasi wawili hukaa benchi la nyuma wakipanga sarafu za shilingi 20 mafungu ya shilingi 100, na kila fungu linahesabiwa na mtu wa pili kabla halijaandikwa. Vitu visivyoingia kikapuni huuzwa kwa mnada nje, chini ya mwembe: mahindi, mkungu wa ndizi, mayai yaliyofungwa kwenye gazeti.

Kuna Jumapili mama mmoja mjane alitoa kuku mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Kijana mmoja akamnunua kwa shilingi 700, kisha akamrudishia mama yule yule. Mama akamtazama kuku, akamtazama kijana, akasema, “Huyu nilishampa Mungu.” Akamrudisha mnadani. Akauzwa tena kwa 600. Kuku mmoja, shilingi 1,300, na jioni nikamwona amepanda boda boda na mnunuzi wa pili.

Mchungaji mwenyewe analima, na siku za soko hutengeneza baiskeli. Akikushika mkono Jumapili asubuhi utaona grisi kwenye kucha. Anayedhani uchungaji wa kijijini ni njia ya kutajirika aje asimame naye pale sokoni siku ya mvua.

“Mnabatiza watu mara ya pili, kwani maji ya kwanza yalikuwa na kasoro gani?”

Hapa kwetu swali hili linatujia kutoka pande mbili. Wakatoliki na Waanglikana hubatiza watoto wachanga, kwa hiyo wanatuona tunarudia kazi iliyokwisha. Marafiki na Jeshi la Wokovu hawabatizi kwa maji kabisa, kwa hiyo wao wanatuona tunahangaika na mto bure. Tumekaa katikati.

Mafundisho yetu ni kwamba imani hutangulia, maji hufuata. Mtoto mchanga hajaamini bado, hivyo analetwa mbele, anaombewa, anawekwa wakfu, na wazazi wanaahidi kumlea. Akikua akaamini kwa kinywa chake, ndipo anaenda majini. Aliyenyunyiziwa akiwa mchanga, kwetu ubatizo wa mtoni ndio wa kwanza. Najua jambo hili linawaudhi wengi, na sioni njia ya kulisema bila kuudhi.

Wanaosema tunaamini maji yanaokoa wamekosea zaidi. Tungeamini hivyo tungekuwa tunakimbilia kubatiza wagonjwa mahututi. Maji ni ushuhuda wa jambo lililokwisha kutokea moyoni. Meza ya Bwana tunaichukulia vivyo hivyo, kama agizo la kumkumbuka.

Siku ya ubatizo, shemasi mrefu kuliko wote huingia mtoni kwanza na fimbo, maana Yala ikinyeshewa huko juu Nandi huku chini inadanganya: jana maji yalikuwa ya magoti, leo ni ya kifua. Tunamwomba kijana anayeosha pikipiki upande wa juu apumzike kidogo, povu lipite. Kina mama wanawafunga wasichana leso kiunoni ili gauni lisielee. Mchungaji anashika kisogo kwa mkono mmoja, mkono wa pili unafunika pua. Mara ya mwisho kulikuwa na mzee aliyepita miaka 70, mwoga wa maji. Alipofika katikati akasema kwa sauti ambayo ukingo wote ulisikia, “Mchungaji, usinishike kama samaki.” Wimbo ulikatika kwa kicheko. Alizama, akaibuka, akadai taulo lake.

“Mkigombana na mchungaji, askofu atawaletea mwingine”

Hatuna askofu. Makanisa yetu yana umoja wa kitaifa, Baptist Convention of Kenya, ambamo tunashirikiana, tunashauriana na kutuma wajumbe, lakini umoja huo hautupangii mchungaji wala kumhamisha. Anayetafutwa huja, huhubiri, kisha hutolewa nje akanywe chai huku washiriki wakiinua mikono. Msichana wa miaka 17 aliyebatizwa mwaka jana ana kura moja. Mwenyekiti wa mashemasi naye ana moja.

Msidhani nasifia tu. Mkutano wa kuamua choo kichimbwe wapi ulitumaliza Jumamosi tatu. Na kuna mwaka hesabu za saruji hazikuingiana. Kwingine wangeandikia barua ngazi za juu. Sisi tulikaa wenyewe kwa wenyewe, shemeji akimhoji shemeji, na wengine mpaka leo hawasalimiani vizuri. Ukoo wenye sauti kubwa unaweza kuliteka kanisa la namna hii, nimeona. Uhuru una gharama, na wanaolipa ni wapole.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukisikia “Wabaptisti wanasema” jiulize ni Wabaptisti gani. Muungano ule wa Kusini mwa Marekani ulizaliwa 1845 katika mzozo kuhusu wamishonari wenye watumwa, na uliomba radhi 1995. Martin Luther King Jr., mpigania haki za watu weusi Marekani, naye alikuwa mchungaji Mbaptisti. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alijitenga na muungano ule wa Kusini mwaka 2000, akitaja msimamo wa muungano kuhusu wanawake, huku akiendelea kufundisha Shule ya Jumapili katika kanisa lake la Kibaptisti kijijini Plains. Suala la wanawake mimbarini hata huku halina jibu moja. Kanisa hili linakubali, lile ng'ambo ya mto halikubali, na wote wanakutana kwenye semina wakila wali mmoja.

“Mlianzishwa na Yohana Mbatizaji”

Hapana. Jina tu ndilo linalofanana. Mwanzo wetu ni Waingereza waliokimbilia Amsterdam wakiwa na John Smyth, mwaka 1609. Tena hao wa kwanza walimwagiana maji kichwani. Kuzamisha mwili wote kulikuja kuzoeleka kwa Wabaptisti wa Uingereza miaka ya 1640. Nilipowasomea vijana jambo hili, mmoja aliuliza kama Smyth angekubaliwa kuwa mshiriki kwetu. Sikumjibu.

Mwenzake Smyth, Thomas Helwys, alirudi London na kumwandikia Mfalme James wa Kwanza kwamba mfalme ni mtu wa kufa, si Mungu, na hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Alifungwa gereza la Newgate, na kufikia 1616 alikuwa amekufa. Alidai uhuru huo kwa kila mtu, hata Waislamu na Wayahudi.

“Mheshimiwa akileta pesa, lazima apewe mimbari”

Hili nalileta kwa sababu linarudi kwenye mabati. Mtu anayetaka kiti alisikia habari ya paa letu, akatuma kijana wake: atatoa mabati 20 na mbao, aachiwe dakika kumi baada ya mahubiri. Tuliita mkutano. Mzee mmoja alisema mvua haiulizi mabati ni ya nani. Mama mmoja wa kwaya akajibu kwamba dakika kumi za mwanasiasa ni saa nzima. Kura zikapigwa: waliokubali 19, waliokataa 23. Mimi niliinua mkono na wale 19, sifichi, kisha nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba kanisa limekataa.

Jirani yangu aliposikia akasema sisi ni wajinga wa kupindukia. Jumamosi iliyofuata alikuja na mabati mawili aliyobakiza alipojenga jiko, na misumari kwenye kopo la Kimbo. Akapanda ngazi mwenyewe, akidai Wabaptisti hawajui kupigilia. Yanatakiwa mengine 18.