Je, wajua kobe wakubwa walifikaje visiwani na hata kuogelea hawajui?

Ukipeleka watoto Haller Park, bustani ya wanyama pale Bamburi, Mombasa, kila mtu anauliza kobe ana miaka mingapi, ana kilo ngapi, anauma ama hang'ati. Swali tamu zaidi halina mwenye kuliuliza. Hawa kobe wakubwa asili yao ni Aldabra, visiwa vya Shelisheli vilivyo peke yao baharini, kama kilomita 400 na kitu kutoka Madagaska. Dume linafika kilo 250, halina mapezi, sasa kule alifikaje? Na usiseme alipelekwa na mabaharia, manake kobe walikuwa Aldabra kabla jahazi la kwanza halijatengenezwa.

Jibu: alielea. Kasa ndo muogeleaji, kobe ni wa nchi kavu, ana miguu minene ya kukanyagia mawe. Lakini mapafu ya kobe yako juu kabisa, chini ya gamba la mgongo, hivyo akisombwa na maji hazami, anakaa tu juu kainua shingo yake ndefu, anapumua, mkondo unampeleka unakotaka. Na ana kitu kingine cha ajabu, anaweza kukaa miezi bila chakula wala maji ya kunywa.

Hii si hadithi ya kubuni. Desemba 2004, pale Kimbiji kusini ya Dar es Salaam, kobe jike wa Aldabra alitoka baharini akitembea kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, na miguuni ameota vile viumbe vyenye gamba vinavyonata chini ya mashua ikikaa sana majini. Viumbe hivyo havioti kwa siku mbili tatu, vinataka wiki kadhaa, kwa hiyo hata tsunami ya tarehe 26 mwezi huohuo haikuhusika (hiyo ndo ilimuacha yule kiboko mtoto Owen yatima kule Malindi, akaletwa Haller Park akagandana na Mzee, ambaye naye ni kobe wa Aldabra). Kutoka Aldabra mpaka Kimbiji ni kama kilomita 740. Fikiria hiyo safari, jua kali juu, chumvi chini, hakuna hata jani la kutafuna.

Kuna wanaoshangaa, sawa amefika mmoja, atazaa na nani? Kobe jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu, kwa hiyo mmoja tu akitua na mbegu zake za akiba anaweza kuanzisha ukoo. Aldabra yenyewe imewahi kuzama bahari ilipopanda, na visiwa vilipoibuka tena kobe walirudi, mifupa yao ya kale iko kwenye mawe kule.

Kinachoniuma ni kwamba uvumilivu huohuo ndo uliowamaliza. Mabaharia waligundua huyu mnyama anakaa hai ngamani miezi bila kulishwa, wakawa wanawabeba kama nyama ya akiba, na kobe wa asili wa Mauritius, Réunion na Rodrigues wote wakaisha. Aldabra iliponea kwa kuwa mbali na kuwa na mawe makali yasiyo na maji matamu. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius kuomba kobe wa Aldabra walindwe, na leo wako kama laki moja, na UNESCO imeitambua Aldabra tangu 1982.

Kufika Aldabra ni ngumu na ghali sana. Kwa sisi wa Mombasa, ukitaka kuwaona kisiwani njia rahisi ni Unguja, unapanda boti Mji Mkongwe nusu saa hivi unatua kisiwa cha Changuu, ambako kobe wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana, halafu wakaibwa wakabaki wachache mno, sasa wamejengewa uzio. Utapewa mchicha uwalishe. Mkune mmoja shingoni taratibu uone, anajiinua kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo mpaka mwisho, macho nusu yamefumba.

Tafadhali usimkalie mgongoni upigwe picha. Gamba lile limeungana na mifupa yake na lina neva, anakusikia. Na nenda asubuhi, jua likishika wanajificha vivulini wote, manake jua kali bila kivuli linamuua kobe hata akiwa mkubwa vipi.