Resini Nyingi Si Nguvu

"Fundi, usinibanie resini. Mwagia ishibe, bawa liwe zito, lisije likavunjika tena."

Maneno haya nimeyasikia tena wiki iliyopita, safari hii kwa mzee wa Mpeketoni aliyeniletea bawa la mtambo wake mdogo wa upepo likiwa limekatika shinani. Kabla yake aliyasema nahodha wa Kizingitini juu ya mashua yake, na kabla ya nahodha, mwenye nyumba ya wageni kule Shela. Kwa mdomo nimeyajibu hadi nimechoka, na sasa nayaandika.

Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini, gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, na nguvu yake imo katika zile nyuzi. Kazi ya resini ni kuzishika zisihame na kugawa mzigo kutoka uzi hadi uzi. Ikiachwa peke yake hupasuka kama sahani. Uzi wa kioo huhimili mvuto kuliko resini kwa zaidi ya mara 20, kwa hivyo kila palipojaa resini pasipo nyuzi umelipia uzito usiobeba kitu.

Lile bawa la Mpeketoni nililikata kwa grenda mwenyewe akitazama. Pale lilipovunjikia, matabaka ya kitambaa yalikuwa yameelea, na katikati yake kulikuwa na kidimbwi cha resini cha rangi ya asali, upana wa kidole gumba, bila uzi hata mmoja. Ufa ulianzia humo humo. Nikachukua kipande cha gramu 100, nikakichoma uani hadi resini yote ikaisha, nikapima kilichobaki: kioo gramu 28. Kwa kitambaa cha kufumwa kama kile, fundi makini anayetumia brashi na rola hufikisha kioo nusu na resini nusu, kwa uzito. Aliyelitengeneza alimridhisha mteja, akaliharibu bawa.

Na huo uzito wenyewe si salama. Chukua bawa la mita 1.5 linalozunguka mara 300 kwa dakika, kitovu cha uzito wake kikiwa nusu mita kutoka kwenye mhimili. Hesabu inatoa kwamba kila kilo moja ya bawa huvuta shina kama kilo 50 zilizotundikwa. Anayeniomba niongeze kilo moja ya resini ananiomba niongeze mfuko mzima wa saruji kwenye zile bolti, mchana na usiku, kaskazi na kusi. Hapo bado hatujasema habari ya mabawa matatu yasiyolingana uzito, ambayo hutikisa mlingoti mpaka nati zinalegea zenyewe.

Kwa mitambo mikubwa shida hii huwa kubwa zaidi. Bawa refu hupinda kwa uzito wake lenyewe, upande huu likipanda na upande ule likishuka, kila mzunguko, kwa miaka 20 na zaidi. Ukirefusha bawa mara mbili bila kubadili utengenezaji, eneo la kukinga upepo huwa mara nne, lakini uzito hukaribia mara nane. Ndiyo sababu viwanda vilivyoanza na brashi na rola kama sisi vikahamia vakyumu: kitambaa kikavu hupangwa kwenye kalibu, hufunikwa kwa nailoni, kingo huzibwa kwa utepe wa gundi, kisha pampu hunyonya hewa. Hapo hewa ya nje hukandamiza kwa karibu tani 10 kwa kila mita mraba, na resini hupita kati ya nyuzi zilizobanana, ikibaki ile tu inayohitajika. Kwa mkono, kioo huchukua kama theluthi ya ujazo. Kwa vakyumu huvuka nusu. Bawa la mita 107 lililotoka kiwanda cha Cherbourg, Ufaransa, mwaka 2019 halikutengenezwa kwa kumwagia resini ishibe. Siku hizi wengine huweka kwenye uti wa bawa vibao vya kaboni vilivyovutwa kiwandani, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, kwa sababu uzi uliopinda haubebi kama ulionyooka.

Ushauri wangu kwa kila kijana anayekuja kujifunza ni huu: kabla ya kununua grenda, nunua mizani. Pima kitambaa kikavu, pima resini ya uzito ule ule, na ikiisha weka brashi chini. Pakibaki mahali pakavu, isukume kwa rola resini iliyopo ifike hapo. Usikoroge nyingine.

Wapo wanaodhani ukiwa na pampu ya vakyumu huhitaji fundi. Tundu dogo kama la sindano linatosha kujaza bawa mapovu. Mimi hunyonya hewa, hufunga mfereji wa pampu, huacha nusu saa na kutazama geji. Mshale ukisogea, natembeza sikio juu ya utepe hadi nisikie mluzi. Sifungulii resini mpaka mshale utulie.

Wengine huniambia, "Ongeza hadina ikauke haraka." Hadina ni dawa ya kuigandisha resini. Kwa poliesta, resini ya kawaida, hadina ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na kwa joto la Lamu nakaa karibu na 1. Ukizidisha, kikopo kinatoa moshi mkononi, na kilichopakwa kinakuwa chepesi kupasuka. Epoksi, aina nyingine ya resini, ndiyo haikubali mchezo kabisa: kipimo chake kimewekwa na mtengenezaji, na hadina ya ziada haina cha kushikana nacho, hubaki ndani ikilainisha kazi.

Wengine huniuliza, "Faiba ni plastiki, ikivunjika si utaiyeyusha?" Hili limeenea tangu Flipflopi iteremshwe majini hapa Lamu mwaka 2018, jahazi la plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa. Plastiki ile hulainika kwa moto. Poliesta na epoksi zikishakauka hazirudi kuwa maji, zinaungua tu, na ndiyo maana mabawa yaliyostaafu ni mzigo mkubwa Ulaya. Zipo resini mpya zinazoweza kutenganishwa na kioo, na mabawa ya aina hiyo yameanza kufungwa baharini Ujerumani tangu 2022, lakini kwenye kopo unalonunua dukani hazimo.

Mafundi wa mashua za mbao wa Matondoni nao wasiambiwe kwamba mbao zimepitwa na wakati. Bawa kubwa lina uwazi ndani, na kwenye kuta zake, kati ya matabaka ya faiba, mara nyingi kuna mbao nyepesi ya balsa, nyingi yake ikitoka Ekuado, iliyokatwa ili nyuzi za mti zisimame wima.

La mwisho ni barakoa za kitambaa, ambazo vijana huzivaa wakipaka poliesta na kudhani wamejikinga. Ile harufu kali ni stairini, ni mvuke, na kitambaa hakiuzuii. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya kaboni, na ukianza kuisikia harufu ukiwa umeivaa, vichujio vimekwisha. Badilisha siku hiyo hiyo.