Kilichojificha Nyuma ya Jalada: Dhana Potofu Kuhusu Majarida ya Sayansi na Muongo wa 2010

Muongo ukifika ukingoni, majarida ya sayansi hutoa toleo maalumu la kuorodhesha makubwa yaliyogunduliwa. Miaka ya 2010 hadi 2019 ilipoisha, orodha nyingi zilifanana: chembe ya Higgs, mawimbi ya mvutano, uhariri wa jeni, picha ya shimo jeusi, akili mnemba iliyomshinda bingwa wa mchezo wa Go. Nayapenda sana majarida haya. Ndiyo maana inaniuma msomaji anapoyafunga akiwa na picha isiyo sahihi ya jinsi utafiti unavyokwenda. Mara nyingi taarifa yenyewe haina kosa. Kinachotupoteza ni namna tunavyozisoma tarehe, majina na vichwa vya habari.

Dhana: Ugunduzi hutokea siku unapotangazwa

Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya LIGO, mradi wa kusaka mawimbi ya mvutano (mitetemo ya nafasi yenyewe), nchini Marekani, mmoja Livingston na mwingine Hanford, ilinasa ishara iliyodumu sehemu ya tano ya sekunde. Mashimo meusi mawili, yenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, yalikuwa yamegongana na kuungana, umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa. Kila mtambo una mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, na miale ya leza hukimbia ndani yake ikipima kama mkono mmoja umerefuka kuliko mwenzake. Badiliko lililopimwa siku hiyo halikufika sehemu moja ya mia ya kipenyo cha protoni.

Aliyetangulia kuiona ishara hiyo ni Marco Drago, mtafiti wa mradi huo, akiwa kwenye kompyuta yake huko Hannover, Ujerumani. Hakushangilia. Alishuku kwamba ni jaribio, kwa kuwa timu ilikuwa na utaratibu wa kupenyeza ishara bandia kwa siri ili kuwapima wachambuzi wake. Mwaka 2010 ishara ya namna hiyo iliwashughulisha kwa miezi, wakaandika hadi makala ya kutangaza ugunduzi, ndipo wakaambiwa kwamba ilipandikizwa. Safari hii haikupandikizwa. Hata hivyo walikaa nayo takriban miezi mitano wakiikagua, wakatangaza 11 Februari 2016.

Sasa zihesabu tarehe kwa kurudi nyuma. Einstein aliyatabiri mawimbi ya mvutano mwaka 1916. Mwanafizikia Rainer Weiss aliandika mpango wa mtambo wa kuyanasa mwaka 1972. Ujenzi ulianza miaka ya 1990, na kati ya 2002 na 2010 mitambo ilisikiliza bila kunasa wimbi hata moja. Hakuna jarida linaloweka jaladani mwaka uliopita bila kitu. Lakini miaka hiyo mikavu ndiyo iliyowafundisha wahandisi kuzijua kelele zote: mtikisiko wa ardhi, magari barabarani, joto la vioo vyenyewe vinavyoakisi leza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika habari ya LIGO, na ndiyo inayopewa aya moja.

Akili mnemba nayo ina historia ya aina hiyo. Majarida mengi huanzia 2012, pale programu iitwayo AlexNet ilipoibuka mshindi katika shindano la kutambua picha, ikikosea takriban asilimia 15 ya picha huku iliyoifuata ikikosea asilimia 26. Ilifunzwa kwa kadi mbili za kompyuta za kuchakata picha, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Lakini wazo lililo ndani yake, la mtandao wa neva wa kompyuta, yaani programu inayoiga seli za ubongo, lilikuwa limejaribiwa tangu miaka ya 1950, na njia ya kuufunza iliyotumika ilipata umaarufu mwaka 1986. Kilichokosekana ni kompyuta zenye nguvu na hazina kubwa ya picha zilizowekewa majina.

Dhana: Teknolojia iliyobadilisha maisha ndiyo iliyokuwa jaladani

Pitia matoleo ya muongo ule na utakutana tena na tena na betri ya ajabu inayojaa kwa dakika chache na kudumu siku nyingi, ikiahidiwa kufika sokoni baada ya miaka mitano. Betri hizo zilibaki maabara. Wakati huohuo betri ya kawaida ya lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991, iliendelea kuboreshwa kiwandani hatua kwa hatua: madini yaliyochanganywa vizuri zaidi, tabaka nyembamba zaidi, hasara ndogo zaidi katika utengenezaji. Kati ya 2010 na 2019 gharama yake kwa kila kilowati-saa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Paneli za sola nazo zilishuka bei kwa kasi inayokaribia hiyo.

Mabadiliko ya aina hii hayana siku. Hakuna asubuhi ambayo mhariri angeamka akasema leo bei imeshuka kiasi cha kustahili jalada. Waliobuni betri ya lithiamu walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019, na mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na umri wa miaka 97.

Dhana: Kila ugunduzi una mtu wake mmoja

Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Katika saa chache picha ya mtafiti kijana, Katie Bouman, ilikuwa imesambaa kila mahali, na watu wakasema ndiye aliyeipiga. Mwenyewe alijitokeza kueleza kwamba hakuna mtu mmoja wala programu moja iliyoitengeneza. Timu ilikuwa na zaidi ya watu 200, na kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Darubini redio nane zilizotawanyika duniani zililitazama shimo hilo kwa siku chache za Aprili 2017, kila moja ikiwa na saa ya atomu ili vipimo vyote viweze kulinganishwa baadaye. Data ilikuwa nyingi kiasi kwamba kuituma kwa intaneti kusingewezekana, hivyo diski zilipakiwa na kusafirishwa kwa ndege. Zile za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi, kwa sababu wakati wa baridi ndege hazitui huko. Zilifika mwishoni mwa mwaka. Baadaye vikundi vinne vilitengeneza picha kila kimoja peke yake, bila kuonyeshana, ili kikundi kimoja kisikione kile ambacho mwenzake alitamani kukiona. Vyote vinne vikaja na pete.

Rangi ya chungwa, nayo, si ya shimo. Darubini zilipokea mawimbi ya redio ambayo jicho haliwezi kuyaona, na rangi ilichaguliwa ili kuonyesha wapi mawimbi ni makali na wapi ni hafifu. Picha haipungukiwi na kitu kwa hilo, ila msomaji anastahili kuambiwa.

Dhana: Jarida ni jarida

Yapo majarida ya kitaaluma, ambako watafiti huchapisha matokeo yao baada ya kukaguliwa na wataalamu wenzao, na yapo ya wasomaji wa kawaida, kama Scientific American lililoanza 1845 na Popular Science lililoanza 1872 na kuacha kutoka kama jarida mwaka 2023. Majarida ya aina ya pili huwasimulia wasomaji yaliyotoka kwenye ya aina ya kwanza. Ukisoma kwamba jarida fulani limethibitisha jambo, angalia kwanza ni la aina gani.

Dhana: Waandishi wa habari ndio wanaotia chumvi

Niliamini hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha uchunguzi wa taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vya Uingereza viliwatumia waandishi wa habari kuhusu tafiti za afya. Walizilinganisha na makala za kitaaluma zilikotoka, kisha na habari zilizoandikwa. Asilimia 40 ya taarifa hizo zilikuwa na ushauri uliopita kiasi cha ushahidi, na asilimia 36 zilichukua matokeo ya wanyama au seli na kuyapeleka kwa binadamu kuliko makala yenyewe ilivyothubutu. Pale taarifa ya chuo ilipotia chumvi kwa namna hiyo ya pili, asilimia 86 ya habari nazo zilitia chumvi. Pale isipotia, ni asilimia 10 tu.

Kwa maneno mengine, chumvi nyingi huingia kabla mwandishi hajashika kalamu. Hilo halimwondolei mwandishi wajibu wa kuifungua makala ya asili na kusoma walipimwa panya au watu.

Dhana: Matokeo yakibatilishwa, wanasayansi walidanganya

Septemba 2011 watafiti wa mradi wa OPERA walitangaza kwamba nutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizosafiri kilomita 730 kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, hadi Gran Sasso, Italia, zilifika takriban nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Vichwa vya habari vilimzika Einstein, aliyesema hakuna kinachoupita mwanga kwa kasi. Kinachosahaulika ni kwamba watafiti wenyewe waliomba wenzao wawatafutie kosa. Mwaka 2012 lilipatikana: waya wa nyuzi za mwanga haukuwa umekaza vizuri kwenye kiunganishi chake.

Mwaka 2010 ilitangazwa bakteria kutoka Ziwa Mono, California, iliyodaiwa kuweza kutumia aseniki mahali pa fosforasi ndani ya DNA yake. Maabara nyingine zilirudia jaribio na kufikia 2012 zikaonyesha kwamba haikuwa hivyo. Jarida la Science liliibatilisha makala mwaka 2025, na waandishi wake walipinga uamuzi huo. Hapakudaiwa udanganyifu, mhariri alisema ushahidi haubebi hitimisho. Kero yangu ni kwamba habari ya kwanza ilipata majalada, ya pili ikapata pembe ya ukurasa.

Dhana: Utafiti usio na faida ya haraka ni fedha iliyopotea

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Francisco Mojica, mwanafunzi wa udaktari huko Alicante, Hispania, alikuwa akichunguza vijidudu vinavyoishi kwenye mabwawa ya kuvunia chumvi ya Santa Pola. Alitaka kujua jinsi vinavyostahimili maji makali namna ile. Katika DNA yao akakuta vipande vinavyojirudia kwa mpangilio, na katikati yake vipande visivyofanana. Ilichukua miaka kutambua kwamba vile visivyofanana vilitoka kwa virusi: kijidudu kilikuwa kimehifadhi kumbukumbu ya maadui wake. Majarida kadhaa yaliyakataa matokeo hayo kabla hayajachapishwa mwaka 2005.

Mwaka 2012 wanasayansi Jennifer Doudna, Emmanuelle Charpentier na wenzao walionyesha kwamba kinga hiyo ya vijidudu inaweza kuelekezwa kukata DNA mahali mtu anapochagua: ndiyo mbinu ya uhariri wa jeni iitwayo CRISPR. Orodha za muongo huanzia hapo. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza iliyotokana nayo, kwa ajili ya selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi. Seli mama za damu hutolewa mwilini, jeni hukatwa mahali pamoja ili seli zirudi kutengeneza himoglobini ile ambayo binadamu huwa nayo akiwa tumboni, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho kabla ya seli zake kurudishwa. Ni safari ya miezi mingi na ni ghali mno. Watafiti sasa wanajaribu kuihariri jeni ndani ya mwili, bila seli kutolewa nje.