Boriti: mti unaoamua upana wa chumba

Boriti ni mti wa mkoko ulionyooka, wenye unene wa sentimita 12 hadi 14 hivi, unaolazwa kutoka ukuta hadi ukuta kubeba ghorofa au paa bapa la nyumba ya mawe. Miti myembamba zaidi ni mazio, kisha pau, kisha fito. Huuzwa kwa korija, yaani miti 20.

Boriti ikivuka zaidi ya mita 3 hupinda, maana mzigo wake si mdogo: mawe bapa ya matumbawe, na juu yake zege la chokaa lililopondwa kwa vipande vya mbao mpaka likakaza. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za Mikindani, mji wa pwani mkoani Mtwara, ni virefu na vyembamba. Chuo cha Kurani huenea humo bila taabu, watoto wakikaa mkekani. Darasa la madawati hutaka mita 6 hivi, na hapo mjenzi huweka nguzo katikati au huachana na boriti, akaezeka kwa kenchi na bati. Kwa hiyo nguzo katikati ya darasa kongwe si pambo, hata kama inawaziba watoto ubao. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nao umesimama juu ya safu za nguzo, na sehemu yake iliyoongezwa ikafunikwa kwa kuba na matao.

Boriti huharibika kwanza kwenye ncha, ndani ya ukuta. Maji ya paa linalovuja hujikusanya pale, mchwa wakafuata. Lipu ya saruji huzidisha balaa: inaziba unyevu ambao chokaa ingeuachia ukauke, na mafundi wengi bado wanaipaka wakidhani wanaimarisha. Choma ncha kwa bisibisi, ikizama kirahisi, mti umeoza japo katikati unaonekana mzima.

Kubadilisha, weka kwanza mategemeo chini ya boriti za jirani, kisha toa moja moja. Mpya iingie ukutani sentimita 15 au zaidi kila upande, na tundu lizibwe kwa chokaa na mchanga.

Kukata mikoko kunahitaji kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na kama jengo ni la kabla ya 1863, linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo kibali cha mamlaka ya mambo ya kale kitangulie hata kabla ya kubandua lipu.