Mfumo wa kitovu kimoja na mfumo uliosambazwa

Katika kibanda cha wakala wa M-Pesa kwenye Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, mteja anayetoa pesa huandika nambari ya wakala, kiasi anachotaka na nambari yake ya siri, kisha wote wawili hutulia wakitazama simu zao. Simu hizo zimewekwa bega kwa bega juu ya kaunta, lakini haziulizani lolote. Kila moja inasubiri neno kutoka kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, iliyo mbali, na wakala hagusi noti mpaka ujumbe uingie upande wake, ndipo aandike kwenye daftari na mteja atie sahihi. Huo ndio mfumo wa kitovu kimoja: vifaa ni vingi na vimetapakaa kila mahali, ila hesabu inafanyika na kuhifadhiwa pahali pamoja. Katika mfumo uliosambazwa, kwa upande mwingine, kompyuta nyingi hugawana kazi au kumbukumbu na kuwasiliana ili kazi ikamilike, bila mashine moja kuwa ndiyo inayoshikilia kila kitu.

Sababu ya leja ya pesa kuwa moja si ngumu kuielewa. Kama kila simu ingebeba salio lake yenyewe na kuaminiwa kwa hilo, mtu mwenye nakala mbili za salio lile lile angeweza kuitumia elfu moja yake Kariokor na Kawangware kwa dakika moja. Lazima pawe na mahali ambapo malipo yanapangwa foleni, hili kwanza, lile baadaye.

Kompyuta zilianza katika kitovu kwa sababu ya bei. Kampuni ya IBM ilipotangaza familia ya kompyuta za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, kompyuta kuu ilikuwa mali ya kampuni kubwa, serikali au chuo kikuu, na ilikaa katika chumba chake maalumu. Wataalamu wa wakati huo walifuata kanuni ya Herbert Grosch, iliyosema kwamba ukiongeza gharama ya mashine mara mbili unapata nguvu mara nne, kwa hiyo ilikuwa busara kununua moja kubwa na kuitumia kwa zamu. Mtumiaji aliacha kadi zake, zenye maagizo yaliyoandikwa kwa kutobolewa matundu, kwa wahudumu wa mashine na kurudi baada ya saa kadhaa kuchukua majibu, na tundu moja lililokosewa lilimrudisha mwanzo. Mwaka 1961, huko chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, ambao uliwezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akijiona kama ni yake peke yake. Mwaka huo huo mtaalamu wa kompyuta John McCarthy alisema kwamba huenda siku moja ukokotoaji ukatolewa kama huduma ya umma, jinsi simu zilivyotolewa.

Kabla wazo hilo halijatimia, bei ziligeuka. Kompyuta ndogo ya PDP-8 ya mwaka 1965 iliuzwa kwa dola 18,000 hivi, kiasi ambacho idara moja ya chuo iliweza kukimudu. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa prosesa nzima, yaani sehemu ya kompyuta inayokokotoa, katika kipande kimoja cha silikoni, na mwezi Agosti 1981 IBM ikaleta kompyuta ya mezani kwa dola 1,565. Mhasibu aliyekuwa akiomba nafasi kwenye mashine ya kampuni sasa alifanya hesabu mezani pake, akabadilisha tarakimu moja na kuona jumla ikibadilika papo hapo. Uhuru huo ulikuwa mkubwa, na naona ni haki kuusifu. Ulikuja na tatizo lake, kwa kuwa kila meza ilikuwa na nakala yake ya faili, na nakala hazikukubaliana. Ndiyo maana mitandao ya ofisini, ikiwemo Ethernet iliyobuniwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC mwaka 1973, ilihitajika sana, na kumbukumbu za pamoja zikarudishwa kwenye seva, yaani kompyuta moja inayozihudumia nyingine.

Jambo hili nililijua kwanza kupitia karatasi. Mama yangu alikuwa na kitabu cha akiba katika tawi la benki moja hapa Nairobi. Tulipofiwa na ndugu Kakamega, alikwenda tawi la huko na kitabu mkononi, akaambiwa kwamba kadi ya hesabu yake iko kwenye droo ya tawi lake, na pesa zake haziwezi kutolewa bila kadi hiyo. Leo angehudumiwa popote, maana leja imekuwa moja. Lakini laini inapokatika, matawi yote husimama kwa saa ile ile, na karani wa Kakamega na wa Nairobi husema maneno yale yale: hakuna sistimu.

Kwa hiyo sikubaliani sana na wanaoieleza historia hii kama pembea inayokwenda na kurudi bila sababu. Kinachoisukuma ni ulinganisho wa bei mbili, bei ya kukokotoa na bei ya kuuliza, yaani ya mawasiliano. Kukokotoa kukiwa ghali, watu huizunguka mashine moja. Kukokotoa kukishuka bei huku mawasiliano yakibaki ghali au ya polepole, kazi husambaa. Mawasiliano yakishuka nayo, kazi hurudi palipo na wasimamizi na umeme wa uhakika.

Hali ya sasa inachanganya zaidi, hasa kwa sababu ya neno wingu. Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi na kompyuta kupitia intaneti mwaka 2006, wazo la McCarthy lilipata umbo la kibiashara. Kwa mtumiaji hicho ni kitovu. Ukiingia ndani ya jengo, hata hivyo, unakuta maelfu ya mashine za kawaida zinazogawana kazi na kuhifadhi nakala, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Umiliki uko pamoja na kazi imesambazwa, na mtu asipotenganisha mambo hayo mawili hataelewa wingu ni nini.

Umbali nao haujafutika. Kabla ya KIXP, kituo cha Nairobi ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data moja kwa moja, kufunguliwa tena mwaka 2002, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za mjini humu iliweza kupanda setilaiti, kufika ng'ambo na kurudi, ingawa ofisi zao zilitenganishwa na mitaa michache. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea, kilichokuwa na nakala yake ndani ya nchi hakikuhitaji kuvuka bahari ili kumfikia msomaji.